Siku tano za Desemba: chanjo ilipopata kibali na dirisha la bima likafungwa

Saa tisa usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 16 Desemba 2020, kwa saa za New York, HealthCare.gov, soko la bima la mtandaoni la serikali kuu ya Marekani, ilifunga dirisha la kujiandikisha bima ya afya ya mwaka 2021. Nchi ile ina saa nyingi, kwa hiyo mlango uliachwa wazi mpaka usiku wa manane ufike na pwani ya magharibi. Aliyechelewa, na asiye na sababu inayotambuliwa na sheria kama kupoteza kazi, kuoa au kupata mtoto, alitakiwa kungoja hadi Novemba nyingine.

Asubuhi ya Jumatatu, siku moja na nusu hivi kabla ya hapo, muuguzi wa wagonjwa mahututi Sandra Lindsay alikaa kwenye kiti katika hospitali ya Long Island Jewish, Queens, akapandisha mkono wa nguo na kuchomwa sindano mbele ya kamera. Siku hiyohiyo hesabu ya waliokufa kwa korona nchini Marekani ilipita 300,000.

Habari hizi mbili zilichapishwa kama mambo yasiyojuana: moja ya sayansi, nyingine ya pesa. Mimi naona ni kisa kimoja. Ndani ya siku tano, kuanzia Ijumaa tarehe 11 hadi Jumanne tarehe 15, serikali moja ilimtazama mtu yuleyule kwa macho mawili. Alipokuwa mwili unaoweza kuambukiza wengine, ilimwondolea kila kizuizi cha malipo, hata kama kufanya hivyo kulihitaji kulivuta neno la sheria mpaka likaribie kukatika. Alipokuwa mgonjwa anayehitaji kitanda, ilimwambia atazame kalenda.

Njia ya chanjo

Tuanze na chanjo, kwa sababu huko ndiko utaratibu ulikofanya kazi vizuri kuliko wengi walivyotarajia.

Tarehe 6 Oktoba 2020 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilichapisha mwongozo uliosema kwamba kampuni inayoomba kibali cha dharura ilete takwimu ambazo angalau nusu ya washiriki wamefuatiliwa kwa miezi 2 baada ya dozi ya mwisho. Kwa mtu wa maabara hilo ni sharti la kawaida. Kisiasa lilikuwa bomu, kwani hesabu rahisi ya kalenda ilionyesha kwamba hakuna chanjo ambayo ingepata kibali kabla ya uchaguzi wa tarehe 3 Novemba. Ikulu haikufurahi. Mwongozo ukabaki.

Pfizer na BioNTech walipeleka maombi tarehe 20 Novemba. Jaribio lao lilikuwa na watu zaidi ya 43,000; nusu walipewa chanjo, nusu maji ya chumvi. Kati ya wagonjwa 170 waliohesabiwa wiki moja na kuendelea baada ya dozi ya pili, 162 walikuwa upande wa maji ya chumvi na 8 upande wa chanjo. Hapo ndipo ile asilimia 95 ilipotoka. Ukizitazama namba hizo mbili, 162 na 8, huhitaji kuwa mtaalamu wa takwimu.

Alhamisi tarehe 10 Desemba kamati ya washauri wa nje ilikaa kutwa nzima, mkutano ukirushwa mubashara kwa yeyote mwenye intaneti. Swali lilikuwa kama faida inazidi madhara kwa watu wa miaka 16 na zaidi. Wajumbe 17 walisema ndiyo, 4 wakasema hapana, 1 hakupiga kura. Hoja iliyowagawa haikuwa kama chanjo inafanya kazi. Ilikuwa umri: vijana wa miaka 16 na 17 kwenye jaribio walikuwa wachache mno, na baadhi ya wajumbe waliona haya kupitisha kitu kwa kundi ambalo takwimu zake zingejaa kiganjani. Napenda kura zile nne za hapana. Zinaonyesha kwamba watu walikuwa wanasoma walichowekewa mezani, wakati nje wananchi zaidi ya 3,000 walikuwa wanakufa kwa siku na kila kitu kiliwasukuma waseme ndiyo.

Ijumaa magazeti yaliripoti kwamba mkuu wa watumishi wa Ikulu, Mark Meadows, alimpigia simu kamishna wa FDA, Stephen Hahn, akamwambia kibali kitoke siku hiyo au aandike barua ya kujiuzulu. Hahn alisema mazungumzo hayakuwa hivyo. Vyovyote iwavyo, barua ya kibali ilitoka usiku huo.

Watu walisherehekea Ijumaa. Anayefuata mambo ya bima anaitazama zaidi Jumamosi.

Jumamosi tarehe 12 kamati nyingine iitwayo ACIP, inayoishauri CDC, taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa, juu ya nani achanjwe, ilipiga kura: 11 ndiyo, hapana hakuna, na wajumbe 3 walijitoa kwa sababu ya mgongano wa maslahi. Ilionekana kama kugonga muhuri juu ya muhuri. Lakini sheria ya msaada wa janga iitwayo CARES, ya Machi 2020, ilikuwa imeandika kwamba bima binafsi zitalipia chanjo ya korona, bila mwanachama kutoa hata senti, ndani ya siku 15 za kazi tangu ACIP itoe pendekezo lake. Saa ya kampuni za bima haikuwashwa na FDA. Iliwashwa na kamati ya Jumamosi ambayo wengi hawakuwahi kuisikia. Jumapili malori yalitoka Portage, Michigan, yakiwa na masanduku ya barafu kavu kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri, na Jumatatu ndipo mkono wa Sandra Lindsay ukapata ulichopata.

Neno moja katika sheria

Sehemu hii inanivutia kuliko zote, na haikupata nafasi kwenye televisheni hata moja niliyoitazama.

Chanjo ya tarehe 11 Desemba haikuwa na leseni. Ilikuwa na kibali cha matumizi ya dharura, na kwa sheria ya Marekani hivyo ni vitu viwili tofauti. Kibali cha dharura husema: kwa tunayoyajua sasa, na kwa hatari iliyopo, tunaruhusu. Leseni husema: tumekagua kiwanda, tumeona takwimu za muda mrefu, tumeridhika. Leseni ya Pfizer ilikuja tarehe 23 Agosti 2021, miezi minane baadaye.

Sasa, kifungu cha CARES kilichoiingiza chanjo ya korona katika Medicare, bima ya wazee na baadhi ya watu wenye ulemavu, kilizungumzia chanjo yenye leseni. Waliokiandika mwezi Machi bila shaka walikuwa na haraka. Ukikisoma kama kilivyo, wanachama zaidi ya milioni 60, ambao ndani yao wamo karibu wazee wote wa nchi, yaani waliokuwa wakifa kuliko kundi lolote, chanjo yao isingekuwa na mlipaji mpaka Agosti.

Idara inayosimamia Medicare iliiona shimo hilo mapema. Tarehe 28 Oktoba 2020 ilitoa kanuni ya muda iliyoeleza kwamba, kwa ajili ya kifungu hiki, chanjo yenye kibali cha dharura itachukuliwa sawa na yenye leseni. Wanasheria wangeweza kubishana mwaka mzima. Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kwanza kubisha.

Hiyo ni Medicare tu. Tatizo lilikuwa kwamba Marekani haina bima moja ya taifa. Ina vyumba, na kila chumba kina ufunguo wake.

Wenye bima za kazini na za kujinunulia walifunguliwa na kura ya Jumamosi, kama tulivyoona. Wenye Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini inayoendeshwa na majimbo, walifunguliwa na sheria ya tarehe 18 Machi 2020. Serikali kuu iliyaongezea majimbo asilimia 6.2 juu ya fungu linalolipa kwa kawaida, kwa masharti. Moja ya masharti ni kugharimia chanjo bila kumchaji mtu. Jingine ni kutomwondoa mwanachama yeyote muda wote wa dharura. Sharti hili la pili lilitajwa kidogo sana, na kwa maoni yangu ndilo lililookoa bima za watu wengi kuliko hotuba zote za mwaka ule. Majimbo yote yalipokea pesa.

Wasio na bima kabisa walikuwa na mfuko wa pembeni, uliosimamiwa na shirika la serikali liitwalo HRSA. Mtoa huduma angewachanja, kisha apeleke madai huko badala ya kumdai mtu.

Chini ya vyumba vyote hivyo palikuwa na sakafu moja. Dozi zenyewe zilikuwa zimekwisha nunuliwa. Mwezi Julai 2020 serikali iliagiza dozi milioni 100 za Pfizer kwa dola bilioni 1.95, yaani dola 19.50 kila moja. Kilichobaki kulipwa na bima kilikuwa ujira wa mchomaji tu: Medicare ilianza na dola 16.94 kwa dozi ya kwanza na 28.39 kwa ya pili, na kuanzia tarehe 15 Machi 2021 ikapandisha hadi dola 40 kila sindano. Aliyetaka kupokea dozi za serikali, awe hospitali au duka la dawa, alisaini mkataba kwamba atamchanja mtu bila kujali ana bima au hana, na kwamba hatamdai chochote.

Ukiyaweka yote pamoja unaona kazi iliyofanyika. Sheria mbili za Machi, kanuni moja ya Oktoba, mfuko wa pembeni, mkataba wa manunuzi na mkataba wa watoa huduma, vyote ili mtu mmoja afike dirishani, achomwe, aondoke. Kwingineko serikali ingesema tu "ni bure" na kufunga mjadala. Tanzania, dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson zilizoletwa na Marekani hiyohiyo kupitia COVAX, mpango wa dunia wa kugawana chanjo, zilipotua Julai 2021, hakuna aliyelazimika kuuliza kila mwananchi yuko chumba gani cha bima.

Na ugumu huo haukufichika kwa mchanjwaji. Mtu alifika duka la dawa akaambiwa ni bure, kisha akaulizwa: una kadi ya bima? Duka lilihitaji kujua limdai nani ule ujira. Yeye alisikia kingine. Nchi ambayo mtu akiitiwa gari la wagonjwa hufikiria bili kabla ya maumivu, ukimwomba kadi ya bima kwa kitu cha bure umemwambia kwa lugha anayoifahamu kwamba si cha bure. Asiye na kadi aliombwa namba ya hifadhi ya jamii au kitambulisho cha jimbo, kwa ajili ya madai ya HRSA. Haikuwa lazima kutoa, lakini nani alimweleza? Kwa mhamiaji asiye na makaratasi swali hilo lilitosha kumrudisha nyumbani.

Hapa kuna Waswahili ndani yake. Miaka ile Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza kwa wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao, hasa waliopitia kambi za Tanzania, Burundi na Uganda, lugha yao ya nyumbani au ya mtaani ni Kiswahili. Tangu Februari 2020 ilikuwa imeanza kutumika kanuni ya uhamiaji iliyompa alama mbaya mwombaji wa makazi ya kudumu aliyetumia misaada fulani ya umma, Medicaid ikiwemo. Wakimbizi hawakuguswa na kanuni hiyo, na mwezi Machi idara ya uhamiaji ilitangaza kwamba kupimwa, kutibiwa au kuchanjwa korona hakutahesabiwa kwa yeyote. Lakini maneno ya kutisha hupita mlango kwa mlango, ufafanuzi hubaki kwenye tovuti, tena kwa Kiingereza. Kanuni yenyewe ilifutwa Machi 2021.

Njia ya bima

Msomaji wa kwetu anaweza kushangaa kwa nini kuwe na dirisha hata kidogo. Ukiwa na pesa yako, kwa nini usinunue bima Julai?

Sababu ipo na si ya kipuuzi. Sheria ya Obama ya 2010 ilizikataza kampuni kumkataa mtu au kumpandishia bei kwa sababu ya ugonjwa alio nao. Bila dirisha, mjanja angekaa bila bima mpaka maji yamfike shingoni, anunue, atibiwe, aache. Wangebaki wagonjwa watupu kwenye mfuko na bei ingepaa. Kwa hiyo kila mwaka kuna wiki kadhaa za kuingia, kisha mlango hufungwa. Kwa mwaka 2021, katika majimbo 36 yaliyotumia HealthCare.gov, wiki hizo zilianza tarehe 1 Novemba na kuishia tarehe 15 Desemba.

Dirisha ni dawa ya ujanja. Shida ni kwamba mwaka 2020 watu hawakuwa wajanja. Mwezi Aprili peke yake ajira zaidi ya milioni 20 zilipotea, na Marekani bima ya watu wengi hutoka kwa mwajiri: kazi ikiondoka, bima hufuata. Aliyepoteza bima ya kazini alikuwa na siku 60 za kuingia sokoni, akiwa na karatasi za kuthibitisha. Aliyekuwa hana bima tangu mwanzo, ambaye sasa janga limemfanya aitake, hakuwa na njia.

Machi 2020 maombi yalimiminika: fungueni dirisha la dharura kwa wote. Majimbo yenye soko lake yangeweza kuamua yenyewe, na kati ya masoko hayo 13 yaliyokuwepo wakati huo, 12 yalifungua: majimbo 11 pamoja na mji mkuu, Washington. Idaho ndiyo pekee iliyobaki imefunga. New York ilifungua, California ilifungua, Minnesota ilifungua. Kwenye majimbo ya HealthCare.gov, kama Texas na Florida, uamuzi ulikuwa wa Ikulu, na mwisho wa Machi Ikulu ilikataa.

Siku chache baadaye, tarehe 3 Aprili, ilikuja na mbadala: hospitali zitakazomtibu mgonjwa wa korona asiye na bima zitalipwa na serikali kwa viwango vya Medicare. Ndiyo mzizi wa ule mfuko wa HRSA. Lazima nikiri kwamba lile halikuwa jambo dogo. Kuna familia ambazo bila shaka liliziepusha na deni. Lakini tazama tofauti. Bima ni haki mkononi mwa mgonjwa. Mfuko ule ulikuwa ahadi kwa hospitali: hospitali ichague kushiriki, korona iwe ndiyo ugonjwa mkuu ulioandikwa kwenye faili, na pesa ziwepo. Ukilazwa kwa kiharusi na korona ikawa imeandikwa ya pili, uko nje. Na pesa zilikwisha: madai ya vipimo na matibabu yalikoma kupokelewa tarehe 22 Machi 2022, ya chanjo tarehe 5 Aprili.

Hata wenye bima hawakuwa na ulinzi kamili. Sheria zile zilisema kupimwa ni bure na kuchanjwa ni bure. Juu ya kulazwa, bima binafsi hazikulazimishwa chochote. Kampuni nyingi zilisamehe kwa hiari yao lile fungu ambalo mgonjwa hujilipia mwenyewe, na chanjo ilipoenea nyingi zikarudi kwenye utaratibu wa zamani. Kinga ilikuwa ya umma. Matibabu yalibaki mali ya soko.

Ndivyo ilivyofika Novemba. Tarehe 10, watu wakiwa wiki ya pili ya kujiandikisha, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza kesi ya California dhidi ya Texas, ambamo majimbo kadhaa, yakiungwa mkono na serikali ya Trump, yalitaka sheria nzima ya 2010 ifutwe. Kwa hiyo ulikuwa unajiandikisha kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba yuko mahakamani akiomba ibomolewe. (Hukumu ilikuja Juni 2021: kwa kura 7 dhidi ya 2, waliofungua kesi hawakuwa na haki ya kuifungua.) Bajeti ya watu wanaosaidia wananchi kujaza fomu, ambayo mwaka 2016 ilikuwa dola milioni 63, ilikuwa imeshushwa hadi milioni 10. Hao ndio ambao bibi asiyejua Kiingereza angewahitaji.

Pamoja na yote hayo, watu milioni 8.2 walijiandikisha.

Pale njia mbili zilipokutana

Tumweke mtu wa kufikirika, maana sheria bila mtu ni maneno tu. Ni mzee wa miaka 64, dereva wa teksi, Houston. Ni Jumanne jioni, tarehe 15. Ameona kwenye televisheni muuguzi akichanjwa, amesikia mara kumi neno "bure". Amefungua HealthCare.gov kwenye simu. Kwa umri wake kampuni inaruhusiwa kumtoza hadi mara tatu ya kijana wa miaka 21. Akiwa peke yake, kipato chake cha mwaka kikiwa dola 51,040, anapata ruzuku ya serikali ya kumpunguzia bei ya bima. Akizidisha dola moja, ruzuku yote inapotea; ndiyo ngazi iliyokatwa ghafla ambayo wenyewe waliiita genge, yaani ukingo wa poromoko. Anajiuliza: chanjo si inakuja? Na mwakani si naingia Medicare? Niharakishe nini?

Hesabu yake si ya kijinga. Ina tundu moja tu, na hakuna aliyemwonyesha. Chanjo ya Jumatatu ilikuwa ya wahudumu wa afya na wakazi wa nyumba za kutunzia wazee. Zamu ya kila mtu mzima nchi nzima haikufika mpaka tarehe 19 Aprili 2021. Katikati hapo kulikuwa na Januari, mwezi ulioua Wamarekani wengi kwa korona kuliko mwezi mwingine wowote wa janga lile. Tangazo la kinga liliwahi. Kinga yenyewe ilichelewa, kwa wengine hadi miezi minne. Na hospitali, ambayo ndiyo ingehitajika ndani ya miezi hiyo, ilikuwa upande wa kalenda.

Jirani yake, tuseme mama wa miaka 40 asiye na mtoto nyumbani, raia, anayefanya usafi kwa saa chache na kupata chini ya dola 12,760 kwa mwaka, hana hata hesabu ya kufanya. Texas haikupanua Medicaid iwapokee watu wazima wote maskini, kwa hiyo mtu mzima asiye na mtoto hapokelewi humo. Ruzuku ya sokoni huanzia kwenye mstari wa umaskini, naye yuko chini yake. Yaani ni maskini mno kusaidiwa. Watu wapatao milioni 2 walikuwa katika hali hiyo kwenye majimbo yaliyogoma kupanua. Kwake dirisha kufungwa au kufunguliwa ni mamoja. Lakini chanjo angeipata, bure kabisa, kama mwenye nyumba anayomsafishia.

Hapo ndipo nashindwa kukubali maelezo ya kawaida kwamba mfumo ule ni mgumu mno kubadilika. Kwa sindano ulibadilika, kwa miezi tisa tu, kutoka Machi hadi Desemba, chini ya serikali ileile iliyokataa kufungua dirisha. Kilichokosekana kwa kitanda cha hospitali hakikuwa ufundi.

Wiki sita baadaye ulitoka uamuzi wa kulifungua tena dirisha. Tarehe 28 Januari 2021 Rais Biden alisaini amri. Kuanzia tarehe 15 Februari mtu yeyote aliruhusiwa kujiandikisha bila kuleta sababu wala karatasi, kwanza hadi Mei, kisha ikasogezwa hadi tarehe 15 Agosti. Tarehe 11 Machi sheria ya uokoaji wa uchumi iliondoa lile genge kwa muda: hakukuwa tena na wa kukosa ruzuku kwa dola moja, wala wa kulipa zaidi ya asilimia 8.5 ya kipato chake kwa mpango wa kawaida. Watu milioni 2.8 waliingia katika miezi ile sita, wakihesabiwa na wa masoko ya majimbo.

Siwezi kusema milioni 2.8 wote waliachwa nje na uamuzi wa Machi 2020. Ruzuku ya 2021 ilikuwa nono kuliko ya 2020, na wapo walioingia kwa sababu ya bei na si kwa sababu ya mlango. Lakini hofu iliyotolewa kama sababu ya kutofungua, kwamba wataingia wagonjwa tu na soko litazama, ilikuwa imekwisha jaribiwa mwaka uliotangulia katika majimbo 11. Masoko yale hayakuzama.

Yule mama wa kusafisha hakumo katika milioni 2.8. Sheria ya uokoaji iliyapa majimbo yaliyogoma pesa za ziada ili yapanue Medicaid. Texas ilikataa.

Mipango ya dharura ilianza kuondoka mmoja baada ya mwingine. Mfuko wa HRSA ulikauka. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2023 majimbo yaliruhusiwa tena kuwaondoa watu Medicaid, na katika mwaka na kitu uliofuata waliondolewa zaidi ya milioni 25, wengi wao kwa makaratasi tu: barua ilitumwa anwani ya zamani, fomu haikurudishwa. Tarehe 11 Mei dharura yenyewe ilitangazwa kwisha. Vuli ya mwaka huo chanjo mpya ya korona iliingia sokoni kama dawa nyingine yoyote, bei ya orodha ikiwa zaidi ya dola 100 kwa dozi ile ambayo serikali ilikuwa imeinunua kwa 19.50. Mpango wa kuwashika mkono watu wazima wasio na bima ulidumu hadi Agosti 2024.

Kwenye kaunta ya duka la dawa swali halikubadilika hata neno: una kadi ya bima? Safari hii jibu lilikuwa na bei.